Uzito wa Wageni Thelathini

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Pale kwenye ukumbi mkuu wa mji, kuanzia mlinzi wa geti hadi mkurugenzi, kila mtu alimwita Bi Presha. Si kwamba alikuwa na maradhi. Alikuwa fundi wa mitambo inayoinua mizigo kwa nguvu ya mafuta. Alianzia kwenye jeki za karakana ya mabasi, na ukumbi uliponunua jukwaa la kupanda na kushuka, akahamishiwa chini ya jukwaa hilo, ndani ya chumba kisicho na dirisha, yeye na pampu yake.

Watu walikuwa wakikosea. Mara mbili tatu kwa mwaka mfanyakazi mpya aligonga mlango wa chuma, akakunja mkono wa shati na kukaa akisubiri kupimwa. Bi Presha hakumcheka mtu. "Hapa tunapima ya mafuta, ndugu yangu," alikuwa akisema. "Ya damu ni zahanati, vuka barabara."

Jukwaa lenyewe lilikuwa sakafu kubwa ya chuma na mbao, iliyolala ndani ya shimo la mita moja na nusu mbele ya viti vya watazamaji. Chini yake, katikati, ilisimama silinda moja nene. Pampu ikisukuma mafuta ndani ya silinda, pistoni hupanda, na jukwaa hupanda nayo taratibu kama unga uliotiwa hamira. Pembeni mwa shimo palikuwa na kijimlango cha kuingilia chumba cha pampu, na humo ndani ngazi ya chuma ya kutokea nyuma ya ukumbi. Ukutani, usawa wa macho ya Bi Presha, ilikuwapo geji ya kupimia presha, yenye mshale mwekundu.

Mwaka ambao ukumbi ulitimiza miaka hamsini, mkurugenzi alipata wazo. Alikuwa mtu mwenye mawazo mengi, na kila moja lilihitaji zulia. Safari hii aliona kwamba wageni rasmi wasipite mlangoni kama watu wa kawaida. Wakae tayari jukwaani, chini shimoni, taa zizimwe, bendi ipige, halafu wote thelathini wachomoze mbele ya wananchi kwa mpigo mmoja. Barua ilimfikia Bi Presha siku kumi na nne kabla ya sherehe. Ilimtaarifu kwamba jukwaani kutakuwa na wageni thelathini, viti thelathini vya mbao ngumu vilivyokazwa kwa bolti visiteleze, zulia na mabango ya kupigiliwa misumari, pamoja na meza ya hotuba ya jiwe iliyochongwa mahususi. Mwisho iliandikwa: "Hakikisha inapanda."

Bi Presha alichukua penseli.

Hesabu yenyewe haina uchawi. Mzigo wote unaokaa juu ya pistoni unagawanywa kwa ukubwa wa uso wa pistoni, na jibu ndilo presha ya mafuta yaliyo chini yake. Pistoni yake ilikuwa na upana wa sentimita kumi. Nusu yake tano. Tano mara tano, mara tatu nukta moja nne, unapata sentimita za mraba sabini na nane na nusu. Jukwaa tupu lilikuwa na kilo elfu tatu. Viti, kilo mia sita. Meza ya jiwe, mia tatu na hamsini. Zulia na mabango, mia moja na hamsini. Jumla elfu nne na mia moja, kabla hajakaa mtu.

Na kikomo cha mtambo alikijua. Mpira wa kupitishia mafuta ulikuwa wa zamani kama jukwaa lenyewe, na kwa sababu hiyo valvu ya usalama ilikuwa imewekwa kwenye themanini: kilo themanini kwa kila sentimita moja ya mraba. Presha ikigusa hapo, valvu hufunguka yenyewe na kuyarudisha mafuta kwenye tangi. Themanini mara sabini na nane na nusu ni kilo elfu sita mia mbili na themanini. Zaidi ya hapo, jukwaa haliendi popote.

Kilichokosekana kilikuwa kitu kimoja tu, uzito wa wageni. Basi Bi Presha, kwa moyo mweupe kabisa, akatengeneza fomu. Jina, cheo, kilo. Akaipeleka ofisini isambazwe.

Kabla ya saa sita mchana fomu ile ilikuwa imezunguka jengo zima na karibu wote walikuwa wamekataa kuijaza. Wanane tu, wafanyakazi wa ngazi ya chini waliowekwa kwenye orodha kujaza viti vya nyuma, ndio walioshuka wenyewe hadi stoo, wakapanda mizani ya magunia mmoja mmoja wakitaniana, wakaenda zao. Jumla yao kilo mia nne thelathini na mbili. Walikuwa wembamba wote, watu wa kupanda ngazi na mafaili tangu asubuhi.

Waliobaki ishirini na wawili walikasirika. Mjumbe mmoja wa bodi aliuliza kama anakwenda sherehe au machinjioni. Mwingine akasema uzito wake ni siri kati yake na daktari wake. Ikabidi kamati ya maandalizi ikae, na Bi Presha akaitwa kujieleza.

Katibu wa kamati alikuwa bwana mwenye kalamu tatu mfukoni na tumbo lililomtangulia mlangoni. Alimwangalia fundi kwa huruma.

"Mama, wewe unataka kilo za waheshimiwa za nini?"

"Za kugawanya, Katibu. Mzigo gawanya kwa pistoni. Nisipojua mzigo, sijui presha."

"Kwa hiyo tatizo ni namba tu."

"Ndiyo, namba."

"Basi hilo ni dogo," katibu akasema, akawageukia wajumbe. "Ndugu wajumbe, napendekeza tumkadirie kila mgeni kilo hamsini. Ni namba ya heshima, haimuumbui mtu."

Wajumbe waliangalia matumbo yao, wakaangaliana, wakanyoosha mikono. Wote waliunga mkono. Katibu akapiga hesabu palepale kwa simu yake: thelathini mara hamsini, elfu moja na mia tano, jumlisha elfu nne na mia moja, gawanya. Ikaja sabini na moja na ushei.

"Chini ya themanini," katibu akasema, akifunika kalamu. "Andikeni: kamati imeazimia kwamba presha isizidi sabini na mbili."

Bi Presha alibaki amesimama. "Katibu, samahani. Mafuta hayakuhudhuria kikao. Hayajui kilichoazimiwa."

Walicheka kwa adabu, wakaendelea na ajenda ya maua.

Mumewe alikuwa fundi cherehani, na kibanda chake kilikuwa mtaa wa pili kutoka ukumbini. Mchana ule Bi Presha aliingia humo akaketi kwenye kigoda, mikono magotini. Mume hakusimamisha cherehani. Walikuwa wameishi pamoja miaka ishirini na sita, na alijua mke wake akikaa vile hapaswi kuulizwa, ataanza mwenyewe.

"Baba watoto, mtu mzima kuambiwa kilo zake ni matusi?"

"Inategemea ni nani. Mimi nikiona kiuno cha mteja kimeongezeka, huwa namwambia kitambaa kimerudi."

Akamsimulia yote. Mume alisikiliza, akamaliza mshono, akakata uzi kwa meno.

"Nipe hiyo orodha," akasema.

Alipoisoma, uso ulimchangamka. Suti zote za sherehe zilikuwa zimepita mikononi mwake. Chini ya meza alikuwa na daftari kubwa lenye jalada la ngozi, na ndani yake vifua, viuno na mabega ya wakubwa wote wa mji, mwaka baada ya mwaka. Alikuwa hajawahi kumwonyesha mtu.

"Hii ni amana," akasema. "Sikuonyeshi ukurasa. Ila ukinitajia jina, nitakutajia kilo, kwa kukisia. Jicho la fundi halikosei sana."

"Sitaandika majina. Nataka jumla tu."

Basi wakaanza. Yeye anataja, mume anafumba macho, anapapasa hewa kama aliyeshika futi. Mjumbe yule wa machinjioni: "Huyo kila Pasaka na kila Idi ananiletea suruali ileile niiachie. Nguo imebaki pindo. Mwandikie mia na kumi na nane." Katibu: "Koti lake halifungi tangu mwaka juzi, tumeweka vifungo vya urembo. Tisini na sita." Mkurugenzi: "Mia na nne. Lakini anaubeba vizuri, mabega yanamsaidia." Mwenyekiti wa bodi, mama mkubwa mwenye kilemba: "Vitambaa vyake navinunua kwa jora. Naomba nisiseme." Akasema.

Ishirini na wawili wote wakatoa kilo elfu mbili mia mbili na nane. Ukiwaongeza wale wanane, elfu mbili mia sita na arobaini. Ukijumlisha na chuma, viti na jiwe, elfu sita mia saba na arobaini. Bi Presha akagawanya mgongoni mwa karatasi ya kukatia, mara mbili, kuhakikisha.

"Themanini na tano nukta tisa," akasema.

"Na kikao kilisema sabini na mbili," mume akasema. "Kumbe mimi ningepitisha azimio tu, nguo zingewatosha."

Bi Presha alikwenda kwa mkurugenzi kesho yake asubuhi. Alimweleza bila kuzunguka: kuna kilo mia nne na sitini za ziada. Meza ya jiwe ikitolewa na wageni wawili wakae chini na wananchi, mambo yatakwenda. Mkurugenzi alisikiliza akiwa amesimama dirishani, mikono nyuma.

"Hiyo meza imechongwa nembo yetu. Na hao wawili ni nani?"

"Hilo si langu kuchagua, Mkurugenzi."

"Si langu pia," alisema haraka. Akageuka. "Hiyo valvu yako. Si inakazwa kwa spana? Ikaze ifike tisini."

"Inakazika. Lakini mpira hautahimili. Ukipasuka, jukwaa litashuka ghafla na watu wako juu."

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, mama."

"Ndiyo, Mkurugenzi. Hapa tunazungumzia miguu sitini. Niandikie barua yenye saini yako kwamba niikaze, nami nitaiweka kwenye faili."

Mkurugenzi alikuwa na ujasiri mwingi, lakini wote ulikuwa wa mdomo. Aliiangalia kalamu mezani kama mtu anayeangalia nyoka, akasema atalitafakari. Siku zikapita, tafakari haikuisha, barua haikuja. Bi Presha aliacha valvu ilivyo, akaizungushia waya na kuifunga kwa lakiri ya risasi, ili mkono mwingine wowote ukiigusa ajue.

Siku ya sherehe ukumbi ulijaa hadi kwenye ngazi. Wageni walipitishwa nyuma, wakateremshwa kwa ngazi ya chuma, wakapita chumba cha pampu wakiwa wameshikilia mikia ya makoti isiguse mafuta, wakatoka kwenye kijimlango na kuketi shimoni. Mwenyekiti wa bodi alipita mwisho. "Hujambo, fundi," akasema. "Ni salama lakini?"

"Salama ipo, mama. Kupanda ndiko sina hakika."

Mwenyekiti hakuelewa, akapita. Taa zikazimwa, bendi ikaanza kwa ngoma na tarumbeta. Bi Presha akabonyeza swichi. Pampu ikanguruma. Mshale ukapanda: ishirini, arobaini, sitini, sabini na mbili ya kamati ukaipita bila kusimama, ukafika themanini. Hapo valvu ikafunguka, mafuta yakaanza kurudi tangini kwa mluzi mwembamba, na mshale ukatulia.

Jukwaa halikusogea hata unene wa karatasi.

Taa zilipowashwa kwa shangwe, wananchi waliona shimo, na ndani yake ncha ya kilemba, nembo ya juu ya meza ya jiwe, na mkono mmoja uliokuwa umeanza kupunga. Bendi ilirudia wimbo. Ilipoumaliza mara ya tatu, mpiga tarumbeta alikuwa anatokwa jasho, na watoto wa mstari wa mbele walikuwa wamesogea ukingoni kuchungulia wakubwa waliokaa chini kama vifaranga kikapuni.

Kijimlango kikafunguliwa, kichwa cha mkurugenzi kikaingia.

"Mama, washa."

"Imewaka, Mkurugenzi. Unaisikia. Imefika themanini na inaishia hapo."

"Tufanye nini?"

"Punguza kilo mia nne na sitini."

Kichwa kikatoka. Bi Presha alisikia minong'ono, kisha wakaanza kuingia. Kwanza chupa za maji ya kunywa, ambazo hata hakuwa amezihesabu. Kisha watu. Na kwa kuwa duniani kote wanaoshuka kwanza ni wa chini, waliotolewa ni wale wanane wembamba. Walipita mmoja mmoja wakisema "shikamoo, Bi Presha," wakapanda ngazi na kwenda kusimama nyuma ya ukumbi, wala hawakuonekana kusikitika. Msichana wa masijala, wa mwisho kati yao, alisimama kidogo mbele ya geji.

"Bado themanini," akasema. "Na sisi wanane tumetoka."

"Nyinyi wanane ni mia nne thelathini na mbili. Zimebaki ishirini na nane."

"Kumbe ni nusu mtu tu."

"Nusu mtu, ndiyo. Ila kwa waliobaki kule, labda robo."

Kule shimoni walibaki ishirini na wawili, na kila mmoja alikuwa akisoma ratiba ya sherehe kwa makini. Mkurugenzi alimnong'oneza katibu. Katibu alishtuka kwa namna ya mtu anayeonewa.

"Mimi nikishuka, nani ataandika kwamba tumepanda?"

Mkurugenzi aliangalia kulia: bodi. Kushoto: bodi. Mbele: mgeni rasmi, amekunja nne na kuangalia saa. Chini yake kwa cheo hapakuwa tena na mtu isipokuwa katibu, na katibu alikwisha fungua daftari. Ukubwa ni jaa, lakini huwa mtu haambiwi mapema kwamba siku moja atajitupa mwenyewe. Mkurugenzi alinyanyuka, akarekebisha tai, akainamisha kichwa na kuingia chumba cha pampu.

Alipofunga mlango tu, mluzi wa valvu ukakatika. Pampu ikabadili sauti, ikawa nzito, kama mtu aliyekubali mzigo begani. Mshale ulishuka kidogo ukasimama sabini na tisa. Kupitia tundu la kijimlango, pistoni ikaanza kuonekana, nyeupe, inang'aa kwa mafuta, ikipanda sentimita kwa sentimita. Juu, bendi iliyokuwa imekata tamaa ikalipuka upya, na makofi ya watu elfu moja yakatikisa vumbi kutoka darini likamwangukia mkurugenzi kwenye mabega ya suti mpya.

Akabaki amesimama, uso umeelekea juu. Walimsikia mwenyekiti akikaribisha wageni. Walisikia jina la mkurugenzi likitajwa, ukafuata mnong'ono wa watu wakimtafuta kwa macho, kisha mwenyekiti akasema mkurugenzi yuko kwenye majukumu. Makofi yakapigwa kwa majukumu.

Bi Presha alimpa kitambaa kikavu. Sherehe ya mtu huyo ilikuwa ikifanyika juu ya kichwa chake. Alimwonea huruma, na alishangaa kwamba anamwonea.

"Nionyeshe hiyo hesabu," mkurugenzi akasema mwishowe.

Akamwandikia kwa chaki kwenye ubavu wa tangi. Upana wa pistoni, nusu, mara yenyewe, mzigo, gawanya. Mkurugenzi alifuata kwa kidole, akakosea mara moja, akarudia, akapata sabini na tisa. Aliiangalia geji. Sabini na tisa. Kwa muda akawa na uso wa mtoto aliyefumbua fumbo.

"Ni dakika tatu tu," akasema.

"Hata tatu hazifiki."

"Kwa nini hukunielewesha hivi siku ile?"

Alikuwa na majibu mengi, na yote yalikuwa ya kweli. Akachagua dogo. "Siku ile ulikuwa na wageni thelathini, Mkurugenzi. Leo tuko wawili."

Hotuba zilichukua saa moja na dakika arobaini. Mkurugenzi alizisikiliza zote akiwa chini, na alikiri baadaye kwamba ukizisikia kupitia chuma hazibadiliki sana.

Taarifa ya kamati ilitoka baada ya wiki. Funika kombe mwanaharamu apite: iliandikwa kwamba jukwaa lilipanda "baada ya marekebisho madogo ya kiufundi", na kwamba kamati ilipongezwa. Ukurasa wa pili, Bi Presha alitakiwa kueleza kwa maandishi kwa nini presha ilifika themanini ilhali kamati iliazimia isizidi sabini na mbili. Alijibu siku hiyo hiyo kwa sentensi moja, kwamba wageni walikuwa wazito kuliko azimio, akaambatanisha hesabu. Hakuna aliyemjibu. Ila mkurugenzi alisaini ombi la mpira mpya wa mafuta, na mara mbili alionekana akishuka ngazi ya chuma kwenda kuangalia ukifungwa.

Siku hizi kila mgeni anayepanda jukwaani hujaza fomu. Kamati ilikataa fomu ya Bi Presha kwa kuwa haikuwa na staha, ikatunga yake yenye safu mbili: uzito rasmi na uzito halisi. Safu ya kwanza hujazwa na ofisi, na mpaka sasa hajatokea mheshimiwa aliyevuka kilo sitini. Ya pili huachwa wazi, ijazwe na fundi, na fomu hukunjwa mara mbili isije ikaonekana njiani. Bi Presha huijaza kwa penseli baada ya kupitia kibandani kwa mumewe, huigawanya kwa sabini na nane na nusu, na akiona imezidi humpigia mkurugenzi. Mkurugenzi huuliza kilo ngapi tu, kisha huanza kupiga simu za kuomba radhi.